Jumbe, Mwenyekiti, Mtendaji: Majina ya Utawala wa Kijiji Tanzania Bara

Katika muda wa miaka mia moja na thelathini hivi, mtu anayesimamia kijiji katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara ameitwa jumbe, mwanangwa, mchili, afisa mtendaji, katibu, meneja, mwenyekiti, na kisha afisa mtendaji kwa mara ya pili, na mengi kati ya majina hayo yaliwekwa au kufutwa kwa sheria iliyotungwa mbali na kijiji chenyewe. Ni rahisi kuyaona mabadiliko hayo kuwa ni ya rangi tu, kama nyumba inayopakwa chokaa upya huku kuta zikiwa zile zile, lakini anayefuatilia kila jina hadi kwenye sheria iliyolizaa hugundua kwamba jina jipya mara nyingi lilijibu maswali mawili ambayo sheria yenyewe haikupenda kuyataja waziwazi, yaani ni nani anayemlipa mkubwa wa kijiji, na ni nani mwenye uwezo wa kumwondoa.

Neno kijiji lenyewe ni udogo wa mji, na katika Kiswahili cha zamani haikuwa lazima mji uwe mahali penye maelfu ya watu, kwani boma la ukoo mmoja lenye nyumba chache liliweza kuitwa mji wa fulani. Watu wengi wa bara waliishi katika maskani zilizotawanyika, kila kaya karibu na shamba lake, na mipaka ya jirani ilijulikana kwa kijito, mti au kaburi. Kijiji kama eneo lililopimwa, lenye namba, orodha ya wakazi na muhuri, ni kitu kilichotengenezwa na sheria katika karne ya ishirini, na zaidi katika robo yake ya tatu.

Cheo cha jumbe hakikutoka serikalini. Katika Mrima, yaani ukanda wa pwani unaoelekeana na Unguja, majumbe na madiwani walikuwa wakuu wa miji kabla ya Wajerumani kufika, na hata Sultani wa Zanzibar alipoweka maliwali wake kusimamia bandari, alilazimika kupatana na wakuu hao na kuwaachia sehemu ya ada zilizotoka kwa misafara ya bara. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa mwaka 1903 na Carl Velten kwa kutegemea hasa maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kinaeleza jinsi mtu alivyotawazwa kuwa jumbe, na msomaji anaona kwamba gharama kubwa ilikuwa ni karamu na zawadi kwa majumbe waliomtangulia. Cheo hicho, kwa maneno mengine, kilipatikana kwa kukubaliwa na wenzake na watu wa mji, na aliyekitaka alikigharimia mwenyewe. Neno ujumbe lilikuwa na maana mbili kwa pamoja, cheo cha jumbe na habari inayopelekwa kutoka kwa mtu hadi kwa mwingine, na historia iliyofuata ilikuja kuivuta maana ya kwanza kuelekea ya pili.

Utawala wa Kijerumani ulipoenea kutoka pwani katika miaka ya 1890, uliyachukua majina matatu ya pwani na kuyapanga kama ngazi. Juu alikaa liwali, afisa wa mji wa pwani. Chini yake akawekwa akida, neno la Kiarabu ambalo awali lilimhusu mkuu wa askari, na sasa likawa cheo cha msimamizi wa kundi la vijiji. Na chini kabisa akawekwa jumbe, aliyesimamia kijiji kimoja au vichache. Ngazi hiyo ilipelekwa bara, mahali ambapo neno jumbe halikuwa na karamu wala ukoo nyuma yake, na mara nyingi akida aliyetumwa huko alikuwa mtu wa pwani mwenye kujua kusoma na kuandika, asiyejua lugha ya watu aliowasimamia. Kodi ya nyumba ilipoanza kukusanywa kuanzia 1898, jumbe ndiye aliyehesabu vibanda, akawataja wenye navyo na kupeleka fedha kwa akida, naye akapewa fungu lake. Kwa hiyo mtu aliyewahi kulipia cheo chake kwa karamu aligeuzwa kuwa mtu anayelipwa kwa kile alichowakamua majirani zake.

Uzito wa mageuzi hayo ulionekana katika mashamba ya pamba ya pamoja, yaliyoanzishwa katika sehemu za kusini mashariki kuanzia 1902 chini ya Gavana von Götzen. Kila jumbe alitakiwa kuwa na shamba ambalo watu wake walililima kwa zamu, na mapato yaligawanywa mafungu, moja kwa wakulima, moja kwa jumbe, na moja kwa chombo cha serikali kilichosimamia mpango wenyewe. Hesabu hiyo ilionekana ya haki mezani kwa afisa, lakini fungu la wakulima liligawanywa kwa watu wengi mno, na fungu la jumbe lilikuwa la mtu mmoja. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Umatumbi, huko Nandete, waling'oa miche ya pamba, na akida wa Kibata akawa miongoni mwa walengwa wa kwanza wa vita vilivyokuja kujulikana kama Vita vya Majimaji. Katika sehemu nyingi akida na jumbe walishambuliwa kabla ya askari wa Kijerumani, na wapo majumbe waliojiunga na wapiganaji. Jina moja lilikuwa limebeba watu wa aina mbili, waliowekwa na waliokuwapo.

Waingereza walipokabidhiwa nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliulaumu mfumo wa maakida kuwa ni wa kigeni, na Gavana Donald Cameron, aliyewasili 1925 akitokea Nigeria, akaleta mfumo wa utawala usio wa moja kwa moja, yaani kutawala kupitia wakuu wa jadi, uliotiwa nguvu na Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926. Hapo ndipo sheria ilipoanza kuyatafuta majina ya kikabila na kuyasajili: mtemi na wanangwa wake kwa Wasukuma na Wanyamwezi, mangi na wachili wake Kilimanjaro, mkama na wakungu wake kwa Wahaya. Pale ambapo palikuwapo ufalme wa zamani kazi hiyo ilikuwa nyepesi, lakini pale ambapo koo zilikaa pamoja bila mkuu mmoja, kama Uluguru, serikali ililazimika kumchagua mmoja na kumwita mkuu wa wote, na makosa ya uchaguzi huo yakaja kulipwa 1955, watu wa Uluguru walipofanya ghasia dhidi ya matuta ya lazima ambayo wakuu hao waliyasimamia. Huu ni mkanganyiko unaostahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu jina lilikuwa la kale na kazi ilikuwa mpya: mwanangwa au mchili wa miaka ya 1930 aliitwa kwa neno la babu zake, lakini alikuwa kwenye orodha ya mishahara ya hazina ya wenyeji, na Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya Mwingereza, aliweza kumfukuza.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1961, serikali ya chama cha TANU iliona kwamba nchi haiwezi kuendeshwa kwa majina ya makabila zaidi ya mia moja, na sheria ya 1963 ikafuta cheo cha chifu pamoja na mamlaka za wenyeji zilizojengwa juu yake. Baadhi ya watu wa juu walipata nafasi nyingine za heshima, kama Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe, aliyekuwa Spika wa Bunge tangu 1962, lakini katika ngazi ya kijiji jambo lililotokea lilikuwa la kawaida zaidi. Halmashauri za wilaya ziliajiri maafisa watendaji wa tarafa na wa vijiji, na wengi wa walioajiriwa walikuwa wale wale waliokuwa majumbe na wanangwa, kwa sababu ndio walioijua njia ya kila nyumba na orodha ya walipa kodi. Mjini jambo hilo liliitwa mapinduzi ya utawala. Kijijini mtu aliamka asubuhi akamkuta jirani yake yule yule mwenye daftari lile lile, akiwa na jina la kisasa.

Wakati huo huo chama kilijenga ngazi yake chini ya hiyo ya serikali. Katikati ya miaka ya 1960 TANU ilianzisha mashina ya nyumba kumi kumi, kila shina likiwa na kiongozi aliyechaguliwa na wanachama wa shina hilo, ambaye watu walimwita mjumbe, na baadaye balozi. Kutoka jumbe hadi mjumbe ni umbali wa herufi moja, na si ajabu kwamba wazee wengi hawakuona haja ya kutofautisha. Mjumbe alikusanya ada za chama, alisuluhisha ugomvi wa mume na mke au wa mbuzi aliyeingia shambani, alipokea wageni na kuwaandika, na aliwaita watu kwenye mikutano. Hakulipwa mshahara, na hilo lilimfanya awe karibu zaidi na jumbe wa Mrima kuliko jumbe wa Mjerumani. Mfumo huu ulivuka mpaka baada ya miaka hamsini: serikali ya Kenya ilipotafuta njia ya kuimarisha usalama wa mitaani baada ya shambulio la kigaidi la Westgate, Nairobi, la 2013, iliuita mpango wake Nyumba Kumi, jina lililotoka Tanzania.

Azimio la Arusha la Februari 1967 na andiko la Rais Julius Nyerere la Ujamaa Vijijini la Septemba mwaka huo viliupa msamiati wa utawala neno jipya, kijiji cha ujamaa, lililokuwa na maana ya watu kuishi pamoja, kulima pamoja na kuamua pamoja kwa hiari. Mfano uliotajwa mara nyingi ulikuwa wa Ruvuma, ambako vijiji vilivyoongozwa na Litowa, karibu na Songea, vilikuwa vimeanza kazi hiyo kabla ya Azimio, vikaunda umoja wao, vikaendesha shule na kinu, na kufanya maamuzi yao katika mikutano ya wanakijiji bila kungoja afisa. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliufuta umoja huo na kuyachukua mambo yake mikononi mwa chama. Vijiji hivyo havikuwa na jina la kisheria, na labda ndiyo sababu viliweza kujitawala kwa muda wote ule, na pia ndiyo sababu havikuwa na kinga yoyote siku ilipoamriwa umoja wao ufutwe.

Hiari iliisha mapema miaka ya 1970. Mwaka 1972, chini ya mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa na kazi zake zikapelekwa kwa maofisa wa serikali kuu waliohamishiwa mikoani na wilayani, kwa hiyo mwanakijiji alimpoteza diwani wake katika mpango uliodaiwa kumsogezea madaraka. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na Operesheni Vijiji ya 1974 hadi 1976 ikawahamisha mamilioni ya watu, wengine kwa kushawishiwa, wengine kwa magari na nyumba zilizobomolewa au kuchomwa moto nyuma yao. Kufikia 1977 takwimu rasmi zilihesabu zaidi ya watu milioni 13 katika vijiji zaidi ya 7,000. Idadi hiyo ilihitaji sheria, kwa sababu serikali ilikuwa imewakusanya watu mahali ambapo, kisheria, hapakuwa na kitu chochote kinachoitwa kijiji.

Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa, Namba 21 ya 1975, ndiyo iliyojaza pengo hilo, na ina haki ya kuitwa cheti cha kuzaliwa cha kijiji cha Tanzania. Iliweka msajili wa vijiji, ikataka eneo linalosajiliwa liwe na kaya zisizopungua 250 isipokuwa kwa sababu maalumu, na ikagawa vijiji katika madaraja mawili: kijiji, ambacho kilikuwa kimeandikishwa tu, na kijiji cha ujamaa, ambacho kiliteuliwa baada ya kuonekana kwamba sehemu kubwa ya kazi zake zinafanywa kwa pamoja. Iliunda pia mkutano mkuu wa kijiji, yaani mkusanyiko wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, na halmashauri ya kijiji, yaani kamati ya watu wasiozidi 25 inayotekeleza maamuzi ya mkutano huo. Halmashauri hiyo ilipewa sifa ya mtu mbele ya sheria, maana yake inaweza kumiliki mali, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, na kudumu hata wajumbe wake wote wakibadilika. Jambo hilo halikuwahi kutokea chini ya Mjerumani wala Mwingereza, ambao kwao kijiji kilikuwa ni mtu mmoja mwenye cheo na watu waliomtii.

Hata hivyo, mlango uliofunguliwa na sheria ulifungwa nusu na utaratibu wa chama. Mwenyekiti na katibu wa tawi la TANU, na baada ya Februari 1977 wa Chama Cha Mapinduzi, ndio waliokuwa mwenyekiti na katibu wa kijiji, kwa hiyo aliyetaka kumwondoa mkubwa wa kijiji alipaswa kwanza kuwa mwanachama. Halmashauri iligawanywa katika kamati tano, miongoni mwao ile ya uzalishaji na masoko na ile ya ujenzi na usafirishaji, kwa sababu kijiji kilitarajiwa kuwa chama cha ushirika wa kila kitu, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilipofutwa mzigo wa kununua mazao ya mkulima uliangukia vijijini. Daftari la katibu wa kijiji cha wakati huo lilikuwa na kurasa za mbolea iliyokopwa, magunia ya mahindi yaliyopimwa, siku za kazi za kila kaya katika shamba la pamoja na nauli ya lori. Kazi hiyo ilipowazidi makatibu wa kijiji, mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ilituma mameneja wa vijiji, vijana waajiriwa waliowekwa kusimamia uchumi wa mahali wasipopajua, na kwa mara nyingine tena mtu aliyelipwa kutoka juu akaketi mezani pamoja na waliochaguliwa chini. Neno meneja halikudumu vijijini, na leo mtu akilisikia hufikiria kiwanda au baa.

Mageuzi yaliyofuata yalianza na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya 1982, iliyochukua nafasi ya ile ya 1975 na kurudisha halmashauri za wilaya, ambazo zilianza kazi upya 1984. Na katika mwaka huo huo ibara za 145 na 146 ziliingizwa katika Katiba, zikitaja kwamba lengo la serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kulalamika hapa kidogo, maana neno halmashauri lilibaki likitumika kwa chombo cha wilaya chenye wahasibu na magari, kwa kamati ya kijiji inayokutana chini ya mwembe, na kwa vikao vya ndani vya chama tawala, na hiyo ndiyo sababu watu vijijini waliamua kuiita ya kwao serikali ya kijiji, jina ambalo si la kisheria lakini linaeleweka kwa kila mtu.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi 1992, marekebisho ya sheria yaliukata uhusiano kati ya tawi la chama na uongozi wa kijiji, mwenyekiti akawa mtu anayepigiwa kura na wakazi wote, na chini ya kijiji kikawekwa kitongoji, neno la zamani la kundi la nyumba lililo pembeni ya kijiji kikubwa, ambalo sasa likawa eneo lenye mipaka na mwenyekiti wake. Uchaguzi wa kwanza wa aina hiyo ulifanyika 1994. Wenyeviti wote wa vitongoji huingia moja kwa moja katika halmashauri ya kijiji, ambayo ina wajumbe kati ya 15 na 25, na kamati zake za kudumu zikapunguzwa hadi tatu, za fedha na mipango, za huduma za jamii na shughuli za kujitegemea, na za ulinzi na usalama. Kamati ya uzalishaji na masoko haikuonekana tena, na kwa kutoweka kwake kijiji kiliacha kuwa shamba na duka la pamoja kikabaki kuwa chombo cha utawala, bila hotuba yoyote kubwa kutangaza jambo hilo.

Ndani ya mfumo huo mpya likarejea jina la 1963, afisa mtendaji wa kijiji, ambaye kwa ufupi huitwa mtendaji. Yeye ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji, anaandika mihtasari, anatunza rejista na hesabu, na analipwa mshahara kila mwezi, huku mwenyekiti aliyechaguliwa akitegemea posho, ambayo mara hupatikana na mara haipatikani. Sheria inasema mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, ndio wenye kauli ya mwisho katika mambo ya sera ya kijiji, lakini sheria ndogo ambazo mkutano huo unazipitisha hazina nguvu mpaka ziidhinishwe na halmashauri ya wilaya, yaani mwajiri wa mtendaji. Katika miaka ambayo mtendaji alisimamia kodi ya maendeleo, akizunguka na mgambo kutafuta stakabadhi kwenye mifuko ya wanaume, wazee walikuwa na sababu ya kumkumbuka akida. Kodi hiyo ilifutwa 2003, na mengi katika hadhi ya mtendaji yakalegea tangu hapo, kwa namna iliyomsaidia yeye pia.

Pamoja na hayo yote, kuna mambo ambayo kijiji kinayafanya kwa jina lake na hayawezi kufanywa na mwingine. Mtu anayefungua akaunti ya benki, anayetaka kumdhamini ndugu yake polisi au anayemwandikisha mtoto shule huenda kwanza kwa mtendaji kuomba barua ya utambulisho, karatasi moja yenye jina la kijiji, kata, tarafa na wilaya juu, sentensi mbili zinazosema kwamba mchukuaji anafahamika kuwa mkazi, na chini yake sahihi na muhuri wa duara wa wino wa zambarau au bluu. Kabla ya kuandika, mtendaji aghalabu humuuliza mwombaji mwenyekiti wa kitongoji chake ni nani, na katika sehemu nyingi bado huuliza, mjumbe wako nani, akimaanisha balozi wa nyumba kumi, ingawa tangu 1992 cheo hicho ni cha chama na hakimo katika sheria za serikali za mitaa. Mashina yaliondolewa katika dola, yakabaki katika mazungumzo.

Jambo lililo zito zaidi ni ardhi. Operesheni Vijiji ilikuwa imewaondoa watu katika mashamba yao ya asili bila kugusa haki zao kwa sheria, na walipoanza kuyadai mahakamani katika miaka ya 1980, Bunge lilipitisha sheria ya 1992 ya kuzizima haki hizo katika vijiji vilivyoanzishwa. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua 1994 kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba na haiwezi kutwaliwa bila fidia. Tume ya ardhi iliyoongozwa na Issa Shivji, iliyoteuliwa 1991, ilipendekeza ardhi ya vijiji iwekwe mikononi mwa mikutano mikuu ya vijiji yenyewe, lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ilichagua njia nyingine: Rais alibaki mdhamini wa ardhi yote, halmashauri ya kijiji ikapewa usimamizi kwa niaba ya wanakijiji, na ikakatazwa kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Ikiwa serikali inataka kuichukua ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 na kuifanya ardhi ya jumla, mkutano mkuu una uwezo wa kukubali au kukataa. Ikizidi hapo, neno la mwisho ni la waziri baada ya kupokea maoni ya kijiji. Namba 250 imekuwa na bahati ya pekee katika historia hii, kwani zamani ilionyesha kaya zinazotosha kufanya kijiji, na sasa inaonyesha ukubwa wa ardhi ambao kijiji kinaaminiwa kuuamulia.

Kwa sababu hiyo, ubadilishaji wa jina wenye athari kubwa kuliko yote katika miaka ya karibuni ni ule unaofanyika kimya kimya, kwa tangazo la mistari michache katika Gazeti la Serikali, wakati mji unapopanuka na kumeza vijiji vya pembeni. Kijiji kilichoingizwa ndani ya mipaka ya mamlaka ya mji, manispaa au jiji aghalabu hugeuka kuwa mtaa au mitaa, na mwenyekiti wake huitwa mwenyekiti wa mtaa; mtu anayepita njiani haoni tofauti yoyote, kwa maana mwembe ni ule ule na ofisi ni ile ile. Lakini mtaa hauna sifa ya mtu mbele ya sheria, haumiliki mali kwa jina lake, hautungi sheria ndogo, na hauna mamlaka ya kugawa ardhi, ambayo hupita kwa wapangaji wa mji. Wakulima wa pembezoni mwa miji inayokua wamekuwa wakishangilia kuitwa watu wa mjini, na ni wachache wanaoambiwa siku hiyo kwamba mkutano wao mkuu, kwa maana ile ya 1975, umefutwa.

Zanzibar ilifuata njia tofauti kabisa na inafaa kutajwa kwa kulinganisha. Huko kiongozi wa ngazi ya chini bado anaitwa sheha, na eneo lake shehia, jina ambalo lilikuwapo visiwani kabla ya wakoloni. Jina la kale limehifadhiwa kuliko bara, lakini sheha hapigiwi kura. Huteuliwa kwa mamlaka ya mkoa, na sheria ya 2014 iliendelea na utaratibu huo. Bara wamebadilisha majina mara nyingi na kupata uchaguzi. Visiwani wamelinda jina na kubaki na uteuzi.

Novemba 27, 2024, Watanzania wa Bara walipiga kura kuchagua viongozi wa vijiji zaidi ya 12,000, pamoja na vitongoji vyake, na wa mitaa ya mijini. Karatasi za kura zilikuwa na majina ya wagombea uenyekiti na ujumbe wa halmashauri. Jina la mtendaji halikuwamo katika karatasi hizo, kama ambavyo jina la akida halikupigiwa kura na mtu yeyote.